Rula ya Jinja na Maji ya Kambarage

Sisi watu wa Shinyanga hatuhesabu miaka kwa namba peke yake. Muulize mzee yeyote wa Kambarage alizaliwa lini, uwezekano mkubwa atakujibu kwa kutaja kioja: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka ng'ombe walipoteketea, mwaka wa ile mvua kubwa. Miaka ya kawaida haina majina. Hujasikia mtu akisema, "Nilizaliwa mwaka ule mvua iliponyesha vizuri na mtama ukakomaa kwa wakati." Mwaka wa namna hiyo hupita kimya, wala hakuna anayeuwekea alama. Kwa hiyo kichwa cha mzee ni daftari la mambo yaliyovunja mazoea, na kwa daftari hilo familia nyingi zimehesabu umri, mahari na madeni.

Ndugu msomaji, nimeanza na jambo hili kwa sababu kazi hiyohiyo ya wazee sasa wanafundishwa mashine. Zipo modeli za lugha, yaani zile programu za akili mnemba ambazo vijana wengi wa mjini tunazitumia kuandikia barua za kuomba kazi. Na wapo wataalamu wanaozilisha safu ndefu za namba, vipimo vya miaka nenda miaka rudi, halafu wanaziuliza: hapa kioja kiko wapi? Swali langu mimi ni la mtu wa historia. Mashine ikishakionyesha kioja kwa kidole, ni nani ajuaye kilitoka wapi?

Nitalijibu kwa kufuata safu moja tu ya namba, nayo ni vipimo vya kimo cha maji ya Ziwa Victoria. Nimeichagua kwa sababu ni mojawapo ya safu ndefu tulizo nazo Afrika Mashariki, na kwa sababu maji yenyewe ndiyo tunayokunywa.

Jina la mvua

Kata yetu inaitwa Kambarage, na uwanja wa mpira wa hapa mjini unaitwa Kambarage, kwa heshima ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Jina hilo, kama inavyosimuliwa katika maisha yake, ni la mzimu wa Wazanaki unaohusishwa na mvua, na alipewa kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilikuwa ikinyesha. Basi tunaishi ndani ya jina la mvua, katika mji ambao mvua yenyewe ni ya kubahatisha.

Kwa miaka mingi mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Bwawa likikauka, foleni ya ndoo inarefuka na bei ya dumu inapanda, kila mtu anajua. Mwaka 2009 ukazinduliwa mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mabomba ya zaidi ya kilomita 100 hadi Kahama na Shinyanga. Tangu hapo habari za ziwa si za watu wa Mwanza, Geita na Musoma pekee. Ni habari za ndoo zetu pia.

Rula na daftari

Kimo cha ziwa kilianza kupimwa kwa mfululizo mwaka 1896, upande wa Uganda. Baadaye kipimo kinachotajwa zaidi kikawa cha Jinja, pale mto Nile unapotokea. Kwa lugha ya mtaani, ni rula iliyosimamishwa majini. Mtu anakwenda, anatazama maji yamefika wapi, anaandika. Kesho anarudi tena. Fikiria kazi hiyo kwa miaka 100 tu: ni siku 36,525. Wafalme wanapita, wakoloni wanapita, bendera zinabadilishwa, rula inasomwa.

Sifuri ya rula ya Jinja iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Ukisikia "mita 11", maana yake maji yamepanda mita 11 juu ya sifuri hiyo. Kuanzia 1896 hadi 1960 ziwa lilicheza kati ya mita 10 na 12 hivi. Lilipanda, likashuka, mwaka 1923 likawa chini sana, likarudi. Mhandisi aliyezaliwa ndani ya miaka hiyo angeweza kuapa kwamba analijua ziwa. Namba 65 za miaka 65 zilikuwa upande wake.

Halafu ukaja mwaka 1961.

Mvua za uhuru

Mwanzoni mwa mwaka huo sehemu kubwa za Kenya na Tanganyika zilikuwa katika ukame na njaa. Kuanzia Oktoba mbingu zikafunguka. Ilinyesha mfululizo hadi Desemba, mwezi ule ambao Tanganyika ilipata uhuru wake, tarehe 9. Wapo wazee wanaoziita mvua za uhuru hadi leo. Ziwa likaanza kupanda, na miaka iliyofuata nayo ikaleta mvua nzito. Kufikia Mei 1964 rula ya Jinja ilisoma mita 13.41. Ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2 katika muda wa miaka mitatu hivi.

Mita 2 zinaweza kuonekana ndogo. Lakini Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja tu juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Zidisha mwenyewe mara 200. Vijiji vya kandokando vilihama, magati yalizama, na maji yaliyotoka kwenda kwenye Nile yakawa karibu mara mbili ya yale ya zamani.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba ziwa halikurudi. Mwaka wa kioja ulitegemewa upite kama mgeni, siku ya tatu ashike jembe au aondoke. Huyu alikaa. Kwa miaka mingi baada ya 1964 ziwa lilibaki juu ya kimo lilichokuwa nacho kabla ya 1961.

Na hapo hapo historia ya siasa ikakutana na historia ya maji. Tarehe 4 Julai 1962, ziwa likiwa linapanda, serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba wa maji ya Nile wa mwaka 1929, ule ambao Uingereza iliufunga na Misri kwa niaba ya makoloni bila makoloni yenyewe kuulizwa. Mradi wa Ihelele, zaidi ya miaka 40 baadaye, ulisimama juu ya msimamo huo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kioja kimeonekana, hata kipofu angekiona. Kimesababishwa na nini? Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa karibu sana. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa pale Jinja. Ziwa likazibwa mdomo, miaka saba baadaye likafurika. Kwa mtu wa kijiweni kesi imekwisha hapo! Lakini kesi haikuwa imekwisha. Ilibidi watu wakae chini na kuhesabu: mvua iliyoanguka juu ya ziwa, mito iliyoingia, mvuke uliopanda, maji yaliyotoka. Mwaka 1986 Piper, Plinston na Sutcliffe walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba mvua yenyewe inatosha kueleza ziwa kupanda. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, kama asilimia 80, ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, ndiyo maana mvua ikizidi kidogo ziwa huzidi sana.

Na mvua ilitoka wapi? Jibu hilo likachukua muda zaidi. Mwaka 1999 Saji na wenzake walieleza katika jarida la Nature tabia ya Bahari ya Hindi ambayo kwa miaka fulani huwa na joto kupita kawaida upande wetu na ubaridi kupita kawaida upande wa Indonesia, na mvua zikaelekea Afrika Mashariki. Mwaka 1961 ni mmoja wa miaka hiyo. Hesabu mwenyewe, kutoka 1961 hadi 1999 ni miaka 38. Kukiona kioja kulitaka macho tu, lakini kukipa jina la baba yake kulikula miaka 38.

Mashine inasomaje

Tuje kwenye mashine. Modeli ya lugha imefundishwa kazi moja kubwa, kubahatisha kinachofuata. Ukiandika "mgeni siku ya kwanza mpe mchele na", itamalizia "panza". Imesoma maandishi mengi mno hata inajua mazoea ya maneno. Mwaka 2023 Nate Gruver na wenzake wa vyuo vikuu vya New York na Carnegie Mellon walionyesha kwamba namba nazo zinaweza kusomwa hivyo hivyo. Ukiiandikia modeli safu ya vipimo kama sentensi, inaweza kuendeleza safu hiyo bila kufundishwa upya. Ujanja mmoja wao ulikuwa mdogo lakini wa maana: kuacha nafasi kati ya tarakimu na tarakimu. Modeli hukata maandishi vipande vipande, na bila nafasi hizo namba inaweza kukatwa vibaya, kama nyama iliyokatwa na mtu asiyejua viungo.

Mwaka 2024 Sarah Alnegheimish na wenzake wa MIT, Marekani, wakajaribu kutafutia vioja. Walitumia njia mbili. Ya kwanza, kuiuliza modeli waziwazi: katika namba hizi zipi haziko sawa? Ya pili, kuiacha ibahatishe namba inayofuata, kisha kuilinganisha na namba ya kweli. Tofauti ikiwa kubwa, hapo pana jambo. Njia ya pili ilifanya vizuri kuliko ya kwanza. Hata hivyo modeli maalumu zilizofundishwa kwa kazi hiyo tu ziliendelea kuzishinda modeli za lugha.

Unaweza kuijaribu njia hiyo ya pili mwenyewe kwa karatasi. Andika safu ya namba, zifunike kwa kiganja, fungua moja moja huku ukibashiri inayofuata. Namba ya Mei 1962 ingekushtua. Ya 1963 ingekushtua kidogo. Ya 1970 je? Hapana, kwani ungeshazoea. Hapa ndipo penye shimo. Modeli haiwezi kumeza safu isiyo na mwisho. Husoma kwa dirisha, kipande baada ya kipande. Dirisha likiwa fupi, miaka ya 1961 hadi 1964 ni kioja, lakini dirisha linaloanzia 1965 linaona ziwa la juu na kusema ndiyo kawaida yake. Mashine inazoea, kama mtoto aliyezaliwa kwenye mgao wa umeme anavyoona giza la saa mbili usiku ni desturi ya dunia.

Shimo la pili ni kinyume cha hilo. Modeli zimesoma vitabu. Mafuriko ya 1961 yameandikwa katika vitabu. Ukiipa vipimo vya Jinja na ikakwambia "1961", umejuaje kwamba imekiona kioja ndani ya namba, na haikukumbuka tu hadithi iliyosoma? Mwanafunzi aliyeuona mtihani jana hawezi kusifiwa kwa kujibu leo. Na kwa safu ambayo habari zake hazikuandikwa popote, kwa mfano daftari la mvua la misheni fulani ya Usukuma, mashine hiyohiyo itakuwa haina hadithi ya kuegemea.

Nuhu, Yusufu na rula mpya

Tatizo hili la namba ndefu ni la zamani kuliko kompyuta, na lilizaliwa kwenye mto huuhuu unaotoka Jinja. Mwaka 1906 Mwingereza Harold Edwin Hurst alikwenda Misri, akakaa huko akifanya kazi ya mto Nile hadi watu wakamwita Abu Nil, baba wa Nile. Alitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani ili livumilie miaka mibaya. Akachukua vipimo vya mto vya karne na karne, kwani Misri imehifadhi vipimo vya Nile kuanzia mwaka 622. Mwaka 1951 akachapisha alichokiona: miaka mizuri hupenda kufuatana na mizuri, mibaya na mibaya, kwa muda mrefu kuliko bahati ya kurusha sarafu ingeruhusu.

Mwaka 1968 Mandelbrot na Wallis wakaipa tabia hiyo jina ambalo Muislamu na Mkristo wa Shinyanga wote watalielewa. Wakaiita ya Yusufu, kwa ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Na ile tabia nyingine, ya tukio moja la ghafla lipitalo kila kipimo, wakaiita ya Nuhu. Nikiitazama 1961 kwa macho hayo naona kilichowasumbua wahandisi: Nuhu alipiga hodi, akafuatana na Yusufu, wakahamia wote wawili. Mashine yenye dirisha fupi humwona Nuhu upesi, lakini Yusufu humpita bila kumsalimia.

Lakini vipimo vya Misri vina fundisho jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Wanatakwimu walioichambua safu ya mwaka 622 hadi 1284 waligundua kwamba miaka 100 ya mwanzo haifanani na iliyobaki. Namba zake zinayumba kwa namna tofauti, kisha karibu na mwaka 720 zinatulia. Je, mto ulibadilika? Mvua za Ethiopia zilibadilika? Jibu lililoelekea zaidi lilipatikana kwenye vitabu vya historia: kama mwaka 715 kipimo kipya cha mto kilijengwa katika kisiwa cha Roda, Cairo. Inaelekea mto ulibaki vilevile, ila rula ikabadilishwa.

Hakuna namba hata moja ndani ya safu ile iliyoandikwa "leo tumejenga rula mpya". Hilo liliandikwa kwa maneno, na watu wa maneno. Bila wao, hadi leo pengine tungekuwa tunatafuta mawingini jambo lililofanywa na mafundi wa mawe.

Mkono uliojificha

Sasa nirudi kwetu, kwenye kioja cha tatu, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Kabla ya 1954 maji yalitoka ziwani kwa kupita juu ya mwamba wa maporomoko ya Ripon. Ziwa likiwa juu, maji mengi yalipita. Likiwa chini, machache. Bwawa lilipojengwa mwamba ule ulifunikwa, na milango ya chuma ikachukua nafasi yake. Serikali ya Uingereza iliyotawala Uganda na serikali ya Misri zikakubaliana kwamba milango iendeshwe kwa kufuata mchoro, ziwa likiwa kimo fulani yatoke maji kiasi fulani, sawa na ambavyo yangetoka kwenye mwamba. Kwa maneno mengine, mkono wa mtu uliapishwa kuuiga mwamba.

Mkono ukaiga kwa miaka mingi. Karibu na mwaka 2000 Uganda ikaongeza bwawa la pili pembeni, Kiira. Kati ya 2004 na 2006 ziwa likashuka kwa kasi, hadi Oktoba 2006 rula ya Jinja ikasoma karibu mita 10.4, chini kuliko wakati wowote tangu 1923. Wavuvi walivuta mitumbwi juu ya tope. Wengi tunakumbuka mwaka 2006 ulivyokuwa: mgao wa umeme Tanzania nzima, mabwawa ya Mtera na Kidatu hayana maji, mahindi yamekauka mashambani. Ukimwuliza yeyote ziwa limepatwa na nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: ukame.

Na ukame ulikuwapo kweli, hapo hakuna ubishi. Lakini Februari 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alitoa taarifa, iliyochapishwa na shirika la International Rivers Network, akionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa ziwa katika miaka miwili iliyotangulia kulitokana na milango kutoa maji kupita kiasi cha mchoro. Mwaka 2007 Sutcliffe na Petersen walifanya hesabu yao wakaona kwamba kama milango ingefuata mchoro, ziwa lingekuwa juu zaidi kwa karibu mita 0.6. Umeme ulihitajika, maji yakafunguliwa.

Tafadhali tazama vizuri jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yangu. Mita 10.4 si namba ya ajabu. Ziwa lilikwisha kufika kimo hicho zamani, miaka ya 1920. Modeli iliyopewa safu ya kimo cha ziwa peke yake, kuanzia 1896, ingeweza kuitazama 2006 na kusema: chini, ndiyo, lakini tumewahi kuona. Kioja hakikuwa ndani ya namba ya kimo. Kilikuwa kati ya safu mbili, ya kimo na ya maji yaliyotoka, zilizokuwa zimeahidiana kwenda pamoja kisha zikaachana. Ili ujue kwamba zimeachana, lazima ujue kwanza kwamba kulikuwa na ahadi. Na ahadi haimo kwenye rula. Imo kwenye mkataba, kwenye barua, kwenye kumbukumbu ya mtu.

Basi vioja vya safu ndefu, kwa kadiri ninavyoviona, ni vya namna tatu. Kipo cha mbingu, kama 1961. Kipo cha rula, kama kile cha Roda. Kipo cha mkono, kama cha 2004 hadi 2006. Mashine inaweza kukuonyesha siku ambayo safu ilivunjika, na kwa hilo naipongeza, maana itapitia siku 36,525 bila kusinzia. Lakini mbingu, rula na mkono vyote huandika kwa mwandiko mmoja. Vyote huandika kwa tarakimu.

Lawama za mvua

Zamani Usukumani mvua ilikuwa juu ya mabega ya mtemi. Ikikosekana, watu walikwenda kumwuliza yeye. Siku hizi tunacheka, tunasema wazee walimbebesha binadamu lawama ya mbingu. Haya, lakini sisi je? Sisi tumegeuza mzigo. Kisima kikikauka tunasema ukame, bomba likitoa hewa tunasema ukame, ziwa likishuka tunasema ukame. Katika nchi kavu kama ya kwetu neno hilo huaminika upesi sana, na kila mwenye mkono kwenye mlango wa bwawa hufurahi kulisikia. Wazee walimbebesha mtemi lawama ya mbingu. Tusipoangalia, sisi tutaibebesha mbingu lawama ya mtemi.

Mei 2020, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, Jinja ilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya ile ya 1964. Kutoka Oktoba 2006 ni mita 3 katika miaka isiyofika 14. Mara hii watu walihamishwa na maji. Vijana waliokuwa watoto mwaka ule wa tope sasa walikuwa wakiokoa magodoro. Watakaosoma safu hii mwaka 2090 wataziona namba hizo mbili zimekaa karibu karibu, na mashine zao zitapiga kelele. Watataka kujua ni nani alifungua nini, nani alifunga nini, na kipimo gani kilihamishwa. Watatafuta maneno.

Wenzangu wa kalamu, ndio sababu nimeileta habari hii kwenye gazeti la waandishi chipukizi na sikuwapelekea wahandisi. Wengi wetu tunadhani historia ya kuandikwa ni ya vita na marais, na kwamba namba ni kazi ya waliosoma hesabu. Mimi naona kazi ikitusubiri hapahapa. Kuna vituo vya mvua vya zamani mashuleni na kwenye misheni. Kuna vyama vya ushirika vyenye vitabu vya uzito wa pamba wa kila msimu. Huko Geita kuna wachimbaji wadogo wanaojua kwa miaka ni duara lipi lilianza kuvuja maji lini. Namba hizo zitaingizwa kwenye kompyuta siku moja, hilo halina shaka. Kinachoweza kukosekana ni yule mtu wa kuandika pembeni: mwaka huu mzani ulibadilishwa, mwezi huu mpimaji aliugua, akasoma mwanawe, siku hii bwawa lilifunguliwa usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema wakifikiria duka. Lakini namba nazo ni mali, na daftari lake ni maneno yaliyoandikwa na aliyekuwapo. Mtaani kwetu yupo mzee mmoja aliyekuwa mpima pamba. Nilimwuliza juu ya 1961, akaniambia mambo ya mvua ile kwa saa nzima, kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka deni dogo, kwamba msimu uliofuata mzani wa chama chao ulikuwa mbovu na kila mtu alijua, ila kitabuni hakuna aliyeliandika.

Nimeliandika.